Miaka Yangu ya Kunenepesha Watu

Namshukuru Mola aliyeijaalia riziki yangu itoke katika kuzungumza juu ya riziki za wengine. Nimestaafu mwaka huu kutoka idara ya lishe ya hospitali moja hapa Maskati, na vijana niliowaachia chumba wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Niliwauliza wanataka nini, maana vitabu wanavyo, na kompyuta zao zinajua mengi kuliko mimi. Wakasema, "Andika yale uliyokuwa ukituhadithia wakati wa chai, maalim." Basi nnaandika. Atakayeona nimerefusha anisamehe. Mzee aliyepumzika kazi ana wakati mwingi na wasikilizaji wachache.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na kanzu mpya iliyopigwa pasi mpaka ikawa ngumu kama ubao, nikidhani nitapewa meza na kiti cha kuzunguka. Mkuu wa idara wakati huo alikuwa Bi Asya, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu. Alinitazama juu mpaka chini, akanichukua jikoni, akanivisha aproni juu ya kanzu na kunikabidhi toroli la vyakula.

"Utagawa," alisema. "Na ukimaliza kugawa utakusanya."

"Mpaka lini, Bi Asya?"

"Mpaka uache kuniuliza."

Nilisukuma toroli lile wodi kwa wodi kwa majuma kadhaa. Wapishi walinicheka, wagonjwa waliniagiza chumvi, na mama yangu nyumbani akawa anawaambia majirani kwamba mwanawe ni daktari. Kila nikirudi jikoni, Bi Asya alikuwa mlangoni. Hata salamu haitoki kwanza. Macho yote yako kwenye sahani nilizozirudisha.

"Hii ya nani?"

"Ya yule bwana wa kitanda cha dirishani."

"Kala mchuzi, kala wali, nyama kaiwacha. Kwa nini?"

"Pengine haipendi."

"Pengine! Rudi kamuulize."

Nikarudi. Yule bwana mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Wali aliweza kula kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa zile ncha za vidole zilizojitokeza. Lakini kuchambua nyama kwa mkono wa kushoto aliona haya mbele ya Mola wake na mbele ya wenziwe wa wodini, na kuomba achambuliwe aliona haya zaidi. Nyama ilikuwa inarudi jikoni kila siku, na kwenye faili lake kumeandikwa hana hamu ya kula. Kuanzia siku ile alikuwa akipewa nyama iliyokwishachambuliwa, na akila mpaka anaulizia iliyobaki. Bi Asya hakunisifu. Aliniambia tu kwamba sahani inayokwenda wodini ni habari za mpishi, na inayorudi ni habari za mgonjwa. Mwenyezi Mungu amrehemu, alinifunza kusoma sahani kabla ya kunifunza kusoma vipimo.

Baadaye nikapewa chumba, na humo chumbani vyombo vyangu vilikuwa vichache. Mizani ya zamani ya kusukuma vyuma, ambayo nikiiamini kuliko ile ya umeme iliyoletwa baadaye. Utepe wa kupimia mkono. Vikombe na vijiko vya kupimia. Na sanduku la vyakula vya plastiki vya kufundishia: ndizi, yai, kipande cha samaki, andazi. Lile andazi lilitengenezwa na fundi hodari sana. Siku moja bwana mmoja alikuwa akinisikiliza kwa makini nikimweleza habari za sukari, akaliokota, akalitia mdomoni na kuling'ata. Alilirudisha sandukuni taratibu, akanambia, "La jana hili."

Watu takriban wote waliokuja kwangu walikuja kupunguza. Maskati imestarehe, alhamdulillah, na starehe hukaa kiunoni. Wembamba walikuwa wachache na hawakuwa na wa kuwahurumia. Mnene akilalamika hupewa pole. Mwembamba akilalamika huambiwa na jamaa zake, "Njoo nikugawie zangu!" na wote wakacheka. Naye hucheka pamoja nao, kisha anakuja kwangu na kufunga mlango nyuma yake. Mimi nikawapenda hao. Nikawa nnawapokea kila walipoletwa, mpaka wenzangu wakaniita Bwana Samli.

Nnaandika hapa kidogo kuhusu njia yangu. Mwembamba kwanza aende kwa daktari atazamwe, maana mwili unaokonda una sababu yake, na mara nyingine sababu yenyewe ni maradhi. Akishatazamwa na kuonekana salama, msimwambie "kula sana." Kaambiwa hivyo na mama yake tangu mdogo, na kama ingefaa angekuwa kesha kunenepa. Mie nikiwaambia tonge liwe lile lile, ila walitie uzito. Uji ule ule, uongezwe maziwa ya unga na lozi zilizosagwa. Samaki yule yule, apikwe kwa tui. Tende zile zile, zitiwe ufuta uliosagwa. Dengu zitiwe kijiko cha mafuta ya zeituni, mkate upakwe parachichi au siagi ya karanga, na yai liwepo. Wale kidogo kidogo mara nyingi, na kahawa, chai na maji mengi wavipeleke baada ya chakula, kwa sababu tumbo dogo likijazwa maji halina pahala pa kitu kingine. Na watembee, wanyanyue kitu, ili kinachoingia kiwe nyama na nguvu.

Halua na soda hazimo. Nimeletewa bibi harusi aliyelishwa halua na soda na shangazi zake, wakitaka aijaze nguo ya harusi. Nguo aliijaza mbele tu, na siku ya harusi alisinzia kwenye kiti.

Sasa nije kwa Mzee Nassor, ambaye ndiye aliyenisumbua kuliko wote, na ambaye kila nikimkumbuka nacheka.

Alikuja kwangu karibu na mwisho wa kazi yangu. Alikuwa mrefu, ndevu nyeupe, kanzu inamning'inia kama iliyotundikwa msumarini. Nyumba yake iko Mabela. Msimu wa baridi alikuwa ameugua homa ya mapafu, ikamla mwili. Alipona, vipimo vyote vikawa vizuri, lakini nyama haikurudi. Na katika hali hiyo ndipo majina yao yalipotoka, yeye na mkewe Bi Zuwena, kwenda Hija, baada ya kuomba miaka na miaka. Daktari akamwambia wazi: usiporudisha mwili na nguvu kabla ya msafara kuondoka, sikuruhusu. Joto, msongamano na mwendo wa kule vitakuangusha.

"Daktari," aliniambia, maana hakuna aliyekubali kuwa mie si daktari, "nnataka kutufu, kuizunguka Nyumba ya Mola, kwa miguu yangu. Basi. Sina jengine."

"Unakula vipi, ami?"

"Nnakula, alhamdulillah. Kwangu sinia halipungui. Wanangu wanafanya kazi Rusayl, viwandani hapo jirani, kila mchana wanakuja kula kwangu, na marafiki zao, na wageni. Sinia la wali, nyama au samaki. Na mie nimo."

"Na kabla ya hapo?"

"Kahawa na tende."

"Tende ngapi?"

"Tende moja. Kahawa ndiyo mbili tatu. Lakini daktari, na wewe mtu wa chuo, unajua tumefundishwa: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi."

"Sadakta, ami," nikamwambia. "Lakini wewe umejaza theluthi ya maji kwa kahawa, theluthi ya pumzi kwa maneno, na theluthi ya chakula iko tupu inasubiri. Theluthi ni haki yake. Ijaze."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaniahidi. Nikampa maelekezo yote, nikamwomba pia azungumze na shekhe wa msikiti wao juu ya funga zake za Jumatatu na Alkhamisi, na shekhe akamwambia aziweke kando mpaka mwili urudi. Alitii kila kitu. Lakini alipokuja tena, mizani haikutingishika. Akaja tena, vivyo hivyo. Mwezi wa Hija unakaribia, na mimi nikaanza kuogopa, kwa sababu kila kitu nilichomuuliza alijibu vizuri.

Kisha ikafika siku aliyokuja uzito umepanda kwa ghafla. Aliyempima alikuwa Sista Grace, muuguzi wetu kutoka Kenya, msichana mcheshi asiyeogopa mtu. Alisukuma chuma cha mizani, akakisukuma tena, akainama kutazama, kisha akamtazama Mzee Nassor.

"Mzee, kwani leo umekula mawe?"

"Nimekula, mwanangu, nimekula."

"Hebu toa vitu zote kwa mfuko."

"Mfukoni kuna nini? Leso tu."

"Mzee, huo mfuko umenona kukushinda wewe. Toa."

Akatoa leso. Akatoa simu. Akatoa funguo za nyumba, za gari na za gari la mwanawe. Mwisho, polepole, kama mtu anayetoa sadaka, akatoa mchi wa shaba wa kutwangia iliki.

Sista Grace aliunyanyua kwa mikono miwili. "Na hii?"

"Nyinyi mlisema niongeze uzito," alisema Mzee Nassor kwa utulivu. "Hamkusema niuweke wapi."

Tulicheka sote, hata mgonjwa aliyekuwa mlangoni. Lakini tulipobaki wawili chumbani, alikaa akiushika ule mchi mapajani na uso ulibadilika.

"Bi Zuwena kasema bila mie hendi," alisema. "Nimemwambia nenda na Khalfan, mwanetu mkubwa, kasema sendi. Mie nikisema mwakani, nani kanipa mwakani? Daktari, nnakula. Wallahi nnakaa kwenye sinia mpaka mwisho. Njoo Ijumaa, ule kwangu, utazame kwa macho yako."

Nikaenda. Baada ya sala ya Ijumaa tulikaa majlisini, chumba chao cha wageni, mie, yeye, wanawe watatu na wageni wao wawili. Kahawa ikapita, tende zikapita, nikamuona akinywa vikombe vyake na kula tende yake ile ile moja, kwa sababu amekaa na wageni na mkono wa mwenyeji uko kwenye birika. Kisha likaja sinia, wali wa zaafarani na mguu wa mbuzi juu yake, harufu imejaa chumba. Tukalizunguka.

"Bismillahi! Daktari, kula. Mbona unaona haya? Kula!"

Mzee Nassor alichambua nyama kwa vidole vyake virefu na kuitupia mbele yangu. Akachambua nyengine, akaiweka mbele ya mgeni. Nyengine mbele ya Khalfan.

"Baba, na wewe kula," alisema Khalfan.

"Mie nnakula. Wewe tafuna usiseme."

Nilikula. Nilikula sana, kwa sababu kila nikitazama chini mbele yangu kumeota nyama mpya. Kama kuna mtu aliyenenepa siku ile, ni mtaalamu wa lishe. Lakini nilikuwa namtazama Mzee Nassor mkono. Mkono ulikuwa kazini bila kupumzika. Unakwenda kwenye wali, unafinyanga tonge, unalizungusha, unalibonyeza, tonge linapungua, unapeleka mdomoni punje chache, kisha unarudi kumchambulia mtu nyama. Meno yake machache yalikuwa yakitafuna zile punje kwa subira, na wakati anazitafuna wenziwe wamekwisha kula matonge matano.

Tuliposema alhamdulillah na kwenda kunawa, nilichelewa kusimama kidogo. Nikalitazama sinia kama Bi Asya alivyokuwa akitazama zile za toroli langu. Upande wa vijana, bati linang'aa. Upande wangu, mifupa na aibu. Upande wa Mzee Nassor umesimama ukuta wa wali, mzima, umechimbwa kidogo tu ubavuni kama panya kapita.

Nikangojea wageni watoke. "Ami," nikamwambia, "wewe huli. Wewe unacheza na wali."

Alitazama mlango, akasogea karibu. "Punguza sauti. Mie ndiye mkubwa wao. Mie nikitoa mkono kwenye sinia, wote wanatoa, hata kama wana njaa. Siku za kazi wanatoka Rusayl, wamefanya kazi tangu asubuhi. Na mie nnakula polepole, meno haya. Nikila kwa njaa yangu nitamaliza lini, na wao wananisubiri? Na nikishiba mapema, nikinyanyuka? Basi nnauweka mkono pale ili washibe."

"Miaka mingapi sasa?"

"Tangu walipoota ndevu."

"Na wao hawajui?"

"Wanauona mkono."

Sikuwa na la kumlaumu. Mtu anauweka mkono wake kwenye chakula ili watoto wake washibe, na anaficha. Ni malezi hayo, na thawabu zake naamini ziko kwa aliyemlea. Lakini ilikuwa inamla. Alipokuwa mzima mwili ulivumilia, akiiba kipande cha mkate hapa na kikombe cha maziwa pale. Baada ya maradhi haukuwa na akiba.

Khalfan alirudi ndani na kutukuta tumeinamiana. Mzee Nassor alinikonyeza ninyamaze, nami nikamwambia Khalfan kwamba baba yake anahitaji kula zaidi, basi.

"Mie nimesema siku nyingi," alisema Khalfan. "Tumwekee sahani yake peke yake, chakula laini."

"Peke yangu!" Mzee Nassor aliruka kama aliyechomwa sindano. "Wageni wangu wanakula sinia moja na mie nimejitenga na kisahani kama paka? Wallahi sili!"

Nilijua hali. Kumtoa kwenye sinia lile ni kumtoa kwenye nafasi yake. Basi nikawaza njia nyengine, na njia yenyewe ilipita mlangoni wakati ule ule, imebeba birika la chai. Ilikuwa ni Bi Zuwena, mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, kanga begani.

"Bi Zuwena," nikamuuliza, "na wewe hula wapi?"

"Mie? Jikoni, mwanangu. Nikishapakua."

"Na nani?"

"Na sufuria," akasema Mzee Nassor.

"Nyamaza we. Nnaonjaonja wakati nnapika, chakula kinapokuwa tayari mie nimeshashiba harufu."

"Mara ya mwisho mlikula pamoja, nyinyi wawili tu, ilikuwa lini?"

Walitazamana. Bi Zuwena alianza kucheka, akajifunika mdomo na ncha ya kanga. "Kabla ya Khalfan," alisema.

Nikawaambia basi mie nnaagiza dawa, na dawa zangu zina masharti. Kila siku, kabla wanao hawajafika kutoka Rusayl, mtakaa nyinyi wawili chumbani kwenu kwenye sahani moja. Na alasiri tena, wakishaondoka. Wewe ami utakula polepole kama upendavyo, maana hakuna anayekusubiri ila huyu. Kisha wanao wakija, ukae kwenye sinia lako kwa furaha, uchambue nyama, ucheze na wali mpaka uchoke. Tumbo lako litakuwa limekwisha pata haki yake. Na nikamkumbusha kwamba hata tonge mtu analolitia mdomoni mwa mkewe tumefundishwa lina malipo, kwa hivyo aione kama ibada ya kungojea ibada ya Hija.

"Mchana kweupe?" Bi Zuwena alisema. "Watoto wakituona?"

"Kwani tumeoana jana?" alisema Mzee Nassor.

"Wakwe zangu, wake za wanetu, watasema nini, mie na wewe tumejifungia tunakula?"

"Watasema daktari kasema. Bibi we, unataka kwenda Makka au hutaki?"

Basi tukapanga chakula pale pale, Bi Zuwena akiwa na mawazo mazuri kuliko yangu. Bokoboko la ngano na kuku, lililopigwa mpaka halihitaji jino, na samli juu. Ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando na asali kidogo. Samaki wa soko la Matrah, yule mnene wa mafuta, kwa tui zito. Uji wa lozi. Tende zenye ufuta ndani. Kahawa nikaipeleka mwisho, na hapo Mzee Nassor alinitazama kama niliyempora shamba, lakini alikubali. Na jua likipungua, wazunguke mtaa kwa miguu, taratibu, kila siku mbele kidogo kuliko jana.

Alipokuja hospitalini tena, Sista Grace alisimama mbele ya mizani kama askari wa uwanja wa ndege.

"Mzee, mikono juu."

Akampekua mifuko. Leso tu. Mzee Nassor akapanda. Grace akasukuma chuma, akakisukuma tena, akainama, akanitazama mie. Imepanda. Kidogo, lakini imepanda, na safari hii kilichopanda kilikuwa ni Mzee Nassor mwenyewe. Juma lililofuata ikapanda tena. Mashavu yalianza kujaa, kola ya kanzu ikaacha kuzunguka shingo. Alinambia nyumbani sasa wakwe zake wanagonga mlango na kukimbia huku wanacheka, na Bi Zuwena keshaacha kuona haya, anawajibu, "Subirini, tuko kwenye dawa!"

"Na mnazungumza nini mkila?" nilimuuliza.

"Mengi. Kumbe huyu mwanamke mcheshi. Wakati wote huu alikuwa anawachekesha wanawake wenziwe jikoni, mie niko majlisini nasikiliza habari za bei ya simiti."

Siku daktari aliyomruhusu, alitoka chumbani kwa daktari akiwa amesimama wima, machozi yamemlenga na meno yake machache yote yanaonekana. Sista Grace alipiga vigelegele kwenye ukumbi mpaka walinzi wakaja.

"Nimekuombea kanisani, Mzee," alisema. "Sijui kama hiyo inahesabika."

"Dua ni dua, mwanangu. Na mie nikifika nitakuombea upate mume mwema."

"Mzee, niombee likizo kwanza!"

Waliondoka mwezi ule ule niliokuwa nakusanya vitu vyangu kutoka chumbani. Siku moja nikapata ujumbe wa sauti kwenye simu. Kelele za watu wengi nyuma, mahujaji wanaitikia labbayka kila upande, na sauti ya Mzee Nassor inahema na inacheka kwa pamoja. Nimetufu, alisema. Kwa miguu yangu, mizunguko yote saba. Nimesai pia, kwenda na kurudi Safa na Marwa, kwa miguu yangu. Lakini daktari, Mama Khalfan goti lilimkataa kwenye njia ya kwanza, tukamtafutia kigari. Khalfan hayupo, watu wa kusukuma wamejaa, mie nikasema sitaki mtu. Nimemsukuma mwenyewe! Hapo nyuma yake ikasikika sauti ya Bi Zuwena, dhahiri kabisa: "Mwambie na wewe uliniparamisha ukutani!"

Niliisikiliza nikiwa peke yangu katika chumba kitupu, nikamshukuru Mola kwa kazi aliyonipa.

Waliporudi nilikwenda kuwapa mkono. Mzee Nassor alikuwa na afya kama mtu aliyerudishiwa miaka. Bi Zuwena aliingia na birika, na hapo jicho la kazi likaona lililokuwa likisubiri kuonwa. Yule mwanamke mdogo wa umbo hakuwa mdogo tena. Bokoboko la samli, tui zito, tende za ufuta, mara mbili kila siku, sahani moja na mumewe, tonge kwa tonge. Dawa niliyomwandikia mgonjwa mmoja ilinywewa na wawili, na wa pili hakuwa mgonjwa.

"Goti, mwanangu," aliniambia. "Nitakuja hospitalini kwako Jumapili, kazi zikifunguliwa."

"Mie nimestaafu, Bi Zuwena. Nenda kwa vijana wangu, ni wema."

"Watanikataza nisile na mzee wangu?"

Mzee Nassor aliacha kumimina kahawa akasubiri jibu langu, naye pia ametoa macho.

Kwa hivyo, wanangu, barua hii nimeiandika kwa haraka kuliko nilivyotaka, maana Jumapili iko karibu. Atakuja kwenu mwanamke wa Mabela mwenye kanga na kicheko. Mtazameni goti, mpunguzieni samli, mbadilishieni tui kwa mboga, mwambieni aendelee kuzunguka mtaa jioni. Atawasikiliza. Mumewe atakuja naye, nanyi msimwambie akae nje asubiri. Vuteni viti viwili.